Dondoo muhimu: Gari la chapa isiyo na wakala Kisangani

Kabla ya kulipa, fungua boneti uulize injini ni ya ukoo gani. Hilo ndilo kubwa kuliko yote. SsangYong Musso ya dizeli ya miaka ya 1990 ina injini iliyobuniwa na Mercedes-Benz. Daihatsu Terios ya kwanza ni pacha wa Toyota Cami. Fundi akilijua hilo, anajua pia vipuri vya kuulizia. Gari lisilo na undugu wa namna hiyo liache, hata bei ikivutia.

Ukiagiza kipuri, tuma namba ya chasisi nzima pamoja na picha ya kile kilichoharibika. Jina la gari pekee halitoshi, na kukirudisha kilichokosewa ni gharama nyingine.

Mzigo wa vipuri kutoka Kampala hupita Beni, Komanda na Niania. Wa Kinshasa hupanda mto Kongo kilomita 1,700 hivi. Mvua ikiharibu barabara, gari litalala wiki nyingi likisubiri kipuri. Kwa hiyo nunua mapema filta, mikanda, pedi za breki na pampu ya maji, uviweke nyumbani. Kipuri cha zamani usimwachie fundi: ndicho sampuli yako sokoni.