Pengo la Msuko na Ushirikiano wa Msomaji: Jeraha la Squall katika Final Fantasy VIII

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza nadharia zinazobuniwa na wapenzi wa michezo ya video ili kuziba mapengo yanayoonekana katika msuko wa hadithi. Mfano uliochaguliwa ni Final Fantasy VIII, mchezo uliotolewa na kampuni ya Square ya Japani mwaka 1999 na kuongozwa na Yoshinori Kitase. Katika michezo ya aina hii mchezaji huwaongoza wahusika vitani na wakati huohuo huifuata hadithi yao. Inadaiwa hapa kuwa nadharia hizo hutokana na kanuni inayotawala mazungumzo ya kila siku, na kwamba zinaweza kupimwa kwa kigezo cha muwala.

2.0 Pengo Lenyewe

Mchezo una diski nne. Mwishoni mwa diski ya kwanza, Squall, mhusika mkuu, huchomwa na kipande cha barafu kilichorushwa na mchawi Edea, naye huanguka. Katika diski ya pili huzinduka gerezani bila jeraha. Hujiuliza limekwenda wapi, lakini hapewi jibu. Baadhi ya wachezaji wamehitimisha kuwa Squall alikufa, na kwamba yote yanayofuata, kama vile shule yake ya kijeshi kupaa angani, ni ndoto ya mtu anayekata roho.

3.0 Chanzo cha Nadharia

Grice (1975) anaeleza kuwa msikilizaji huchukulia kwamba msemaji anashirikiana naye. Hivyo, linaponyamaziwa jambo lililotarajiwa kusemwa, hutafuta maana iliyofichwa. Mchezaji naye hufanya vivyo hivyo. Hata hivyo, mchezo huu una kaida mbili. Katika mapigano, majeraha huponywa papo hapo kwa dawa au nguvu za kichawi, wala hakuna anayehoji. Jeraha la Squall limezua swali kwa sababu limetolewa katika usimulizi, si katika pigano. Kwa hiyo pengo limo katika mpaka wa kaida hizo mbili.

4.0 Kipimo cha Muwala

Kabla ya kujeruhiwa, Squall na wenzake huingia mara mbili katika ndoto za ajabu kuhusu askari aitwaye Laguna. Fumbo hilo hufumbuliwa baadaye: Ellone ana uwezo wa kupeleka fahamu za watu katika wakati uliopita. Iwapo sehemu inayofuata jeraha ni ndoto tu, basi fumbo lililotegwa katika uhalisi linafumbuliwa na mtu asiyekuwa na ujuzi wa jibu lake. Nadharia hiyo huziba tundu moja na kutoboa jingine kubwa zaidi. Mwaka 2017 Kitase naye aliikana, ingawa ushahidi wa ndani ya kazi ungetosha.

5.0 Hitimisho

Nadharia ya kifo cha Squall haithibitiki, lakini swali lililoizaa ni halali, na mchezo haukulijibu. Anayeliita kila pengo kosa huacha kusoma mapema. Anayeliita kila pengo ishara huifuta hadithi aliyosimuliwa. Mwalimu wa fasihi anaweza kuwafundisha wanafunzi kuuliza swali moja kabla ya kuikubali tafsiri yoyote: je, inaeleza pia yale yaliyotangulia pengo?