Somo: Kifaa cha GPS Ndani ya Gari, Namna ya Kukichagua na Kukitumia

Katika somo hili tutajifunza juu ya kifaa kinachoonyesha njia, ambacho wengi wanakiita GPS. Tumeulizwa habari zake na vijana waliomaliza kozi ya udereva, na pia na akina papa wanaoendesha magari ya kukodi kati ya Nakivale na Mbarara. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kusafiri na kufanya kazi, na wenzetu kadhaa wanalisha watoto wao kwa usukani. Swali lao la kwanza huwa ni bei. Mimi naomba tuanze na jambo lingine, bei itakuja baadaye.

Yaliyotupata njiani

Mwaka 2022, wakati wa mvua za Oktoba, niliamshwa usiku nimsindikize mama mmoja mwenye uchungu wa uzazi. Mkunga alisema mtoto amelala vibaya tumboni na mama lazima afikishwe hospitali ya rufaa ya Mbarara, umbali wa kama kilomita 60. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda na mgonjwa mwingine. Majirani wakachanga, wakakodi gari dogo. Dereva wake alikuwa mgeni katika ukanda wetu, lakini alikuwa na kifaa cha GPS kwenye kioo cha mbele, na mimi nikakaa kando yake nimsaidie kukisoma.

Mbele kidogo kifaa kikasema tukate kushoto, kwamba njia hiyo ni fupi kwa kilomita 7. Ile njia naijua. Nimeipita kwa miguu mara nyingi wakati wa kiangazi. Nikamwambia, "Kaka, hii inateremka bondeni." Akanijibu, "Ndugu yangu, chombo kinaona kutoka juu. Sisi tunaona mwanga wa taa tu." Nikanyamaza.

Tuliteremka mpaka maji yakafunika njia, magurudumu yakazama. Kifaa kiliendelea kutuonyesha katikati ya mstari, na sauti yake ikituambia tuendelee moja kwa moja. Tulikaa pale karibu saa mbili, mama akilia kiti cha nyuma. Wachunga ng'ombe wawili walioona taa zetu ndio waliokuja na kamba, wakatuvuta, wakatuelekeza njia ya mlimani. Tulifika Mbarara alfajiri. Mama alipasuliwa, yeye na mtoto wakapona. Mume wake aliniuliza neno moja tu: "Wewe si mtu wa hapa? Hukuijua ile njia?"

Somo hili lote linatoka katika swali hilo. Kifaa hakikukosea kuhusu mahali tulipokuwa. Tulikuwa pale pale kilipotuonyesha, katikati ya matope. Kilichokosea ni ramani iliyokuwa ndani yake, na sisi wawili tuliodhani kwamba mahali na njia ni kitu kimoja.

Kifaa kinajuaje mahali ulipo

Juu ya dunia, kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, zinazunguka setilaiti za serikali ya Marekani. Ili mtambo huu ufanye kazi inavyotakiwa lazima ziwe 24, na kwa kawaida zinazofanya kazi ni zaidi ya hizo, karibu 30. Kila moja inaizunguka dunia mara mbili kwa siku. Ndani yake kuna saa za usahihi mkubwa sana, na kila wakati setilaiti inatangaza: mimi ni fulani, niko mahali fulani, na sasa ni saa fulani.

Umewahi kumtazama mtu anayepasua kuni ng'ambo ya bonde? Unaona shoka linashuka, kisha mlio unakufikia baadaye. Ukihesabu sekunde tatu kati ya kuona na kusikia, mtu huyo yuko kama kilomita moja kutoka kwako. GPS inafanya hesabu ya namna hiyo. Inapima tangazo la setilaiti limechukua muda gani kufika, nayo inapata umbali. Ikipata umbali kutoka setilaiti tatu inaweza kukisia mahali ulipo, lakini saa ya kifaa chetu ni ya bei nafuu na haiaminiki, kwa hiyo inahitaji setilaiti ya nne ili kuisahihisha. Ndiyo maana kifaa kinahitaji kuona anga. Ndani ya nyumba ya mabati, au chini ya miti mizito, kinahangaika. Huku kwetu kwenye vilima vya nyasi kinafanya kazi vizuri, na mara nyingi kosa lake ni mita chache tu. Zamani haikuwa hivyo: hadi mwanzo wa Mei 2000 Marekani ilikuwa inayavuruga kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, na mtu aliweza kuonyeshwa mita 100 mbali na alipo. Siku hizi vifaa vingi vinasikiliza pia setilaiti za Urusi, za Ulaya na za China, na hilo linasaidia.

Angalieni mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. La kwanza, kupokea matangazo haya hakulipiwi na hakuhitaji laini ya simu wala MB. Kinachokula MB ni ramani, ikiwa hukuihifadhi kabla. La pili, kifaa cha GPS kinasikiliza tu, hakisemi. Setilaiti haijui kwamba wewe upo. Lakini simu ni jambo lingine, maana programu zake zinaweza kuchukua mahali ulipo na kuwapelekea watu wengine. Wengine kati yetu wana sababu nzito za kutotaka kujulikana wanalala wapi. Basi fungua mipangilio ya simu, tazama ni programu zipi zimeruhusiwa kujua mahali ulipo, uzizuie zile usizozihitaji.

Ramani ndiyo ya kuchagua kwanza

Setilaiti haina habari ya barabara. Haijui daraja, haijui bonde, haijui mvua ya jana. Hayo yote yamo katika ramani, na ramani imechorwa na mtu aliyekaa mahali fulani mwaka fulani. Mstari mwembamba unaouona kwenye kioo huenda ulichorwa na mtu aliyetazama picha iliyopigwa kutoka angani mwezi wa Julai, majani yakiwa makavu. Kwake ilionekana njia. Ni njia kweli, ya ng'ombe.

Kwa hiyo unapokwenda kununua, usiulize kwanza ukubwa wa kioo. Uliza: ndani kuna ramani ya nchi gani? Vifaa vingi vya mkono wa pili vinavyouzwa mijini vimetoka Ulaya vikiwa na ramani za Ulaya tu. Muuzaji anakiwasha, kinawaka vizuri, sauti nzuri, unalipa. Ukifika nyumbani unajiona umesimama kwenye karatasi nyeupe isiyo na barabara hata moja. Kijana mmoja wa kijiji chetu alitoa akiba yake ya miezi minne kwa kifaa cha namna hiyo. Leo kinatumika kama saa.

Kinunue mchana na utoke nacho nje ya duka. Kiwashe chini ya anga wazi, usubiri. Kama kilizimwa muda mrefu au kimetoka nchi ya mbali, kinaweza kuchukua hata robo saa kabla ya kujua kilipo, kwa hiyo usikubali kuharakishwa. Kisha tafuta Mbarara, tafuta Kabingo, tafuta Isingiro. Sogeza ramani mpaka huku Nakivale uone kama barabara zetu zimo. Tazama pia tarehe. Hesabu ya wiki katika GPS inajirudia kuanzia sifuri kila baada ya wiki 1,024, na mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019. Baadhi ya vifaa vya zamani ambavyo havikurekebishwa vilivurugika tangu hapo. Kikikuonyesha tarehe ya miaka 20 iliyopita, kirudishe mezani.

Je, ununue kifaa cha pekee au utumie simu? Maoni yangu ni haya. Kama tayari una simu janja, usitumie fedha kwa kitu kingine. Weka programu inayohifadhi ramani ndani ya simu, kama Organic Maps au OsmAnd, ambazo hupatikana bila malipo. Pakua ramani ya Uganda mara moja mahali penye intaneti nzuri, na baada ya hapo utaitumia hata pasipo mtandao. Programu hizo zinatumia ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo inachorwa na watu wa kujitolea kila nchi. Faida yake kwetu ni kubwa: barabara ikikosekana, au kijiji kikiwa na jina lisilo lake, mtu yeyote kati yetu anaweza kusahihisha. Makazi mengi ya wakimbizi hapa Uganda yamechorwa kwa njia hiyo.

Kifaa cha pekee, kama kile cha Garmin au TomTom, kinamfaa anayeendesha kila siku safari ndefu, kwa mfano lori la Kampala. Kioo chake kinasomeka juani, sauti yake ni kubwa, na hakizimiki kwa joto kama simu iliyobandikwa kwenye kioo cha gari. Lakini betri yake ni ya muda mfupi, kwa hiyo kinategemea waya wa gari. Wenye malori waangalie: magari madogo yana umeme wa volti 12, malori mengi yana volti 24. Chaja ya volti 12 pekee itaungua humo.

Kukitumia

Andaa safari gari likiwa limesimama. Kibandike chini pembeni ya kioo, pasipokuziba macho yako. Sheria ya barabarani ya hapa inakataza kushika simu mkononi unapoendesha, na hata bila sheria, mkono mmoja hautoshi kwa mashimo yetu. Aliye kando yako ndiye asome.

Wengine hupewa mahali kwa namba badala ya jina. Nakivale iko karibu nyuzi 0.8 kusini na 30.9 mashariki. Ikweta inapita katikati ya Uganda, na herufi moja tu inatofautisha pande zake. Ukiweka kaskazini badala ya kusini, kifaa kitakupeleka kwa upole mpaka upande wa Kibaale na Kagadi, zaidi ya kilomita 150 kutoka unakotaka. Kwenye simu, kusini mara nyingi huandikwa kwa alama ya kutoa mbele ya namba. Usiisahau.

Katika mipangilio kuna mahali pa kukiambia kiepuke barabara za udongo. Ukikiwekea hivyo huku kwetu, kitachanganyikiwa, maana barabara zetu zote ni za udongo. Kiachie, lakini kabla ya kuondoka tazama njia yote kiliyochagua, si kona ya kwanza tu. Ikipita bondeni au karibu na ziwa, na ni Machi mpaka Mei au Septemba mpaka Novemba, uliza mtu. Uliza dereva wa boda, uliza mchunga ng'ombe, maana wao wamepita pale jana. Pia muda kinaokutajia uongeze. Kinahesabu kana kwamba barabara ni kavu na huna abiria mgonjwa.

Na jambo dogo kwa tuliojifunza udereva Kongo, Burundi au Rwanda: kule tunapita kulia, hapa Uganda tunapita kushoto. Usiku, umechoka, kifaa kikisema "geuka kulia", mkono unaweza kukurudisha kwenye desturi ya nyumbani. Sema kwa sauti "kushoto kwangu" kila unapotoka kwenye makutano. Watu watakucheka, waache wacheke.

Mtu akikuambia katikati ya safari, "Kaka, hii inapita bondeni," simamisha gari. Na wewe unayeijua njia, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Sema mara ya pili.

Zoezi la vikundi

Kila kikundi kitafute simu moja yenye ramani iliyohifadhiwa. Mtembee kutoka kituo cha afya mpaka barabara kuu, na kila penye makutano, bomba la maji, daraja au mahali panapofurika wakati wa mvua mweke alama, mkiandika jina ambalo wakazi wenyewe wanalitumia. Andikeni pembeni miezi ambayo gari haliwezi kupita. Leteni orodha kwenye mkutano wa kijiji, tutaziunganisha zote ziwe karatasi moja, na nakala yake ibandikwe mahali gari la wagonjwa linapoegeshwa ili dereva mgeni aione kabla ya kuwasha gari.