Nanaa Chumbani na Kidumu cha Alfajiri



Muhula uliopita, wiki chache kabla ya mitihani, ndugu mmoja ninayekaa naye chumba kimoja aliamka kwa ajili ya Alfajiri umeme ukiwa umekatika. Akapapasa kwenye kona, akapata kidumu cha lita 5, akatawadha, akatuswalisha mimi na mwenzetu wa tatu. Kulipokucha nikaona kidumu kimepungua. Hakikuwa cha maji ya kutawadha. Kilikuwa cha nanaa zangu, na jioni yake nilikuwa nimekoroga mbolea ndani yake.

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu. Mlango wa tohara ndio unaofungua karibu kila kitabu cha fiqhi nilichosomeshwa. Lakini wenzangu waliponigeukia wakauliza, "Ustadh, sasa swala yetu ikoje?", sikuwa na jibu. Kwa hiyo nitaeleza kwanza jinsi ninavyootesha viungo vya jikoni ndani ya maji, kwa sababu wengi mmeniuliza, kisha nitarudi kwenye kidumu.

Tunaoishi vyumba vya kupanga hapa Gisenyi tunajua hali ilivyo. Ardhi ya Rubavu ina rutuba, wakulima wa viazi ni mashahidi, lakini ua wa nyumba ya kupanga ni saruji na mawe ya volkano. Huna hata pa kuchimba shimo la kiganja kimoja. Kwenye soko la Mbugangari utapata fungu la seleri au nanaa, utumie majani mawili kwenye mchuzi wa sambaza, na yaliyobaki yanyauke kesho kutwa. Hapo ndipo chupa ya maji inapofaa.

Anza na nanaa, haina masharti mengi. Kata kijiti cha urefu wa kiganja, chini kidogo ya kifundo, yaani pale majani yanapochipukia. Ondoa majani yote ya chini ili kusiwe na hata moja litakalozama, maana jani likizama huoza na kuozesha maji. Tia kijiti katika chupa ya kioo yenye maji, vifundo viwili vikiwa ndani. Mizizi hutokea pale pale kwenye vifundo, aghalabu ndani ya siku 7 hadi 10. Mrehani nao hufanya hivyo, ila huchukua muda zaidi, na ukikata kijiti kilichokwisha kutoa maua utangoja sana. Mchaichai unataka shina zima lenye kitako chake, si majani makavu yanayouzwa kwa ajili ya chai. Puwaro na vitunguu vya majani ni rahisi kupita vyote: ukishapika, bakiza vidole vitatu vya sehemu nyeupe yenye mizizi, simamisha kwenye kikombe, na ndani ya siku chache utaona kijani. Kitako cha seleri vilevile. Giligilani usijisumbue kuikata ukaitia majini, hiyo huanzia kwenye mbegu.

Maji yabadilishwe kila baada ya siku 3. Watu hupuuza jambo hili kuliko yote. Mizizi inahitaji hewa ya oksijeni, na maji yaliyolala huishiwa nayo, kisha mizizi hugeuka rangi ya kahawia na kunuka. Sababu ya pili ni mbu. Mbu hutaga kwenye maji yaliyotulia, na kuanzia yai mpaka kuruka hachukui zaidi ya wiki mbili hivi katika joto la kwetu. Chupa tano zilizosahauliwa chini ya dirisha zinaweza kumletea malaria jirani ambaye hata nanaa yako hajaionja, na sisi tumefundishwa kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Chupa nyeupe ifunike kwa karatasi au kitambaa cheusi upande wa mizizi, la sivyo utando wa kijani utaivamia. Iweke karibu na dirisha. Hapa kwetu, karibu na ikweta, mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, basi dirisha la mashariki linatosha. La upande wa ziwa hupata jua kali la alasiri, nalo linafaa pia. Usiweke chupa juu ya kabati. Tuliokuwa hapa Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na ardhi ikatetemeka siku baada ya siku, hatuweki tena kioo mahali pa juu.

Sasa, maji gani? Nilianza na maji ya Ziwa Kivu, kwa kuwa ni ya bure. Nanaa ikatoa mizizi vizuri, kisha majani machanga yakawa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Maji ya Kivu yana chumvichumvi na hali ya magadi, na katika maji ya namna hiyo mmea hushindwa kupata madini ya chuma hata kama yamo. Nikahamia maji ya bomba na ya mvua, hali ikatengemaa.

Ikatengemaa kwa wiki tatu hivi. Baada ya hapo nanaa ilidumaa: mashina membamba, majani madogo. Hapa kuna kisa cha zamani kinachofaa kujulikana. Mwaka 1699 Mwingereza mmoja, John Woodward, alichapisha majaribio yake ya kuotesha nanaa ndani ya maji. Alitumia maji ya mvua, maji ya mto Thames, maji ya mfereji wa Hyde Park, na maji ya mfereji huohuo yaliyokorogwa na udongo wa bustani. Akaipima mimea kabla na baada. Ile ya maji ya mvua iliongezeka kidogo, na ile ya maji yenye udongo ikaongezeka zaidi ya yote. Akafahamu kwamba si maji peke yake yanayoujenga mmea, bali na kile kilichomo ndani yake. Ilichukua zaidi ya miaka 150 mpaka Wajerumani Sachs na Knop, katika miaka ya 1860, wakaonyesha ni chumvi zipi hasa za madini zinazotosha kuukuza mmea bila udongo wowote.

Kwa hiyo anayekuambia kwamba maji matupu yanatosha anakuambia nusu ya habari. Kijiti huishi kwa akiba yake, akiba ikiisha nacho husimama. Nilipata kwa mkulima wa viazi mbolea kidogo ya NPK 17-17-17, ile ile wanayoitumia mashambani. Kipimo changu ni nusu kijiko cha chai, cha kusawazisha, katika lita 5. Haiyeyuki yote, masalia hukaa chini, basi namimina yale ya juu tu. Ukizidisha, mizizi huungua. Wala sisemi ndiyo bora, haina madini yote, lakini nanaa yangu iliamka ndani ya siku kumi.

Hicho ndicho kidumu alichotawadhia mwenzetu.

Baada ya masomo ya asubuhi nilikibeba hadi kwa sheikh wetu msikitini. Nikamwamkia, nikamweleza kisa chote. Akauliza swali moja kwanza.

"Mbolea ya ng'ombe au ya dukani?"

"Ya dukani, Sheikh. Chumvichumvi."

"Kiasi gani?"

"Nusu kijiko cha chai."

Akaagiza kikombe cheupe, akamimina, akaangalia kwenye mwanga wa mlango, akanusa. Kisha akaniuliza, "Mama yako akiyaona haya, atayaitaje?"

"Atayaita maji."

"Basi ni maji, mwanangu. Swala yenu ni sahihi. Lakini wewe kitabu ulikisoma au ulikipita?"

Nilikipita. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo wengi wetu tumesomeshwa, Matn ya Abu Shuja' inagawa maji mafungu manne, na mimi niliyakariri kwa ajili ya mtihani. La kwanza ni maji yaliyo safi yenyewe na yenye kutwaharisha, yanayoitwa maji bila ya kuongezwa neno. La pili ni hayo hayo ila ni makuruhu kuyatumia, nayo ni yaliyopashwa moto na jua. La tatu ni safi lakini hayatwaharishi: yaliyokwisha kutumika katika faradhi ya tohara, na yaliyobadilika kwa kuchanganyika na kitu safi. La nne ni najisi.

Mbolea ya chumvi si najisi. Kwa hiyo suala lilikuwa moja tu: je, yamebadilika kiasi cha kuondokewa na jina la maji? Mabadiliko madogo ya rangi, ladha au harufu hayadhuru. Yanayodhuru ni makubwa, kama pale maji yanapokuwa chai au mchuzi. Na hapa kuna upambanuzi ambao sikuwahi kuujali hadi siku ile. Maji yaliyobadilika kwa kukaa muda mrefu, kwa utando wa kijani unaoota wenyewe, au kwa ardhi yanamopita na kutulia, yanabaki ni yenye kutwaharisha, kwa sababu vigumu maji kuepukana na hayo. Maji ya Kivu na magadi yake yote yamo humu, tawadha bila wasiwasi. Lakini majani uliyoyatupia kwa makusudi yakayabadilisha maji sana ni jambo lingine. Chupa iliyolowekwa mrehani mpaka maji yakanukia na kugeuka rangi haifai kwa udhu, ingawa kuyanywa si haramu.

Je, ingekuwa samadi ya ng'ombe? Wapo wanaoloweka samadi ndani ya ndoo na kumwagilia mimea maji yake. Kwa Shafi'i samadi ni najisi, na maji yasiyofika qullatayn, ambayo ni karibu lita 200, hunajisika kwa kuguswa tu na najisi hata kama hayakubadilika. Lita 5 ziko wapi na lita 200? Mwenzetu angelazimika kuosha viungo na nguo zilizorukiwa, atawadhe upya na kuirudia swala yake. Sisi maamuma tusiojua, alisema sheikh, jambo letu lingekuwa jepesi zaidi. Imam Malik na Imam Ahmad wanaona kinyesi cha mnyama anayeliwa ni safi, kwa hiyo hukumu ingekuwa nyingine.

Na mboga zenyewe zilizolishwa najisi? Mashafi'i wanasema mmea ni safi, unaosha tu sehemu iliyoguswa na najisi. Mahanbali, kama alivyoandika Ibn Qudama katika al-Mughni, wamekaza: hauliwi mpaka umwagiliwe maji safi. Mimi nimeamua samadi haiingii chumbani. Tunaswalia mahali hapohapo tunapolala, na harufu nayo ina haki zake.

Sheikh hakuniachia niondoke na furaha tu. Alinikemea kwa kuacha kidumu bila alama. "Leo ametawadha, angekuwa na kiu je?" Sikuwa nimelifikiria. Tangu siku ile kidumu cha nanaa kina utambi mwekundu shingoni, unaoweza kuguswa hata gizani, na kinakaa uvunguni mwa kitanda changu.

Alinifunza pia jambo ambalo sasa tunalifanya chumbani. Maji ya udhu yaliyotumika, hata kwa anayeshika kwamba hayatwaharishi tena, ni safi na mimea inayapokea. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo ni karibu theluthi mbili za lita. Tulijaribu. Mara ya kwanza nilimaliza lita tatu. Baada ya wiki mbili nikafika lita moja, na mwenzangu, yule wa kidumu, ananishinda, anatumia pungufu ya hapo. Tunatawadhia juu ya beseni, bila sabuni, na maji ya beseni hubadilisha yale ya chupa. Udhu wa mtu mmoja unatosha chupa mbili au tatu ndogo.

Rehani imetajwa katika Surat Ar-Rahman, aya ya 12, na wanazuoni wengine wanasema neno hilo huingia kila mmea wenye harufu nzuri. Muslim amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kumrudishia mtu rehani anapokupa. Nina chupa sita dirishani sasa, nne za nanaa na mbili za mrehani, na vijiti vyenye mizizi vimezidi. Atakayetaka anione baada ya swala ya Ijumaa, aje na chupa yake.

Wallahu a'lam.