Kujitengenezea Dashibodi ya Ndege kwa Laptopu na Simu ya Zamani

Kila muhula hosteli hapakosi mtu aliyeweka simuleta ya ndege kwenye laptopu yake, na malalamiko huwa yaleyale: geji hazisomeki. Ukivuta picha karibu uione altimita, dirisha la mbele linapotea. Ukiirudisha nyuma uone uwanja, mishale inakuwa kama miguu ya sisimizi. Kioo kimoja cha laptopu kinabebeshwa kazi ya dirisha na dashibodi kwa wakati mmoja, na kinashindwa zote mbili. Dawa ipo, haina gharama, na si lazima uwe unasoma kompyuta. Unazitoa geji kwenye laptopu unazihamishia kwenye simu. Nitaeleza namna ya kufanya, halafu tutafika kwenye ubishi niliokuwa nao na mwenzangu wa chumba kuhusu nini hasa kiandikwe kwenye hizo geji. Hapo ndipo penye kazi.

Programu ninayotumia ni FlightGear. Ni ya bure, chanzo chake kiko wazi, na imekuwa ikitengenezwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990. X-Plane na Microsoft Flight Simulator ni nzuri pia, lakini zinanunuliwa, na toleo jipya la Microsoft linataka mashine ambayo bumu la mwaka mzima halitoshi. Kwetu sisi uzuri wa FlightGear ni kwamba kila kitu kiko kwenye mafaili unayoweza kuyafungua na kuyasoma. Geji nyingi za Cessna 172P, ndege ambayo ndiyo wengi tunaanzia, zimeelezwa kwenye faili la maandishi: picha ya uso wa geji, picha ya mshale, na maelezo ya mshale uzunguke kwa kufuata namba ipi.

Jambo moja kabla ya likizo. Mandhari ya dunia hushushwa kwa vipande vya digrii kumi kwa kumi. Kipande kinachoitwa e030s10 kinaanzia longitudo 30 hadi 40 mashariki, na kutoka ikweta hadi latitudo 10 kusini. Maana yake kipande hicho kimoja kina Ngara, Bukoba, Mwanza, Nairobi, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Kishushe kwa intaneti ya chuo, nyumbani bando litakulilia. Mimi nikifika Nyakisasa sina haja ya mtandao tena. Usitarajie kuona nyumba yenu, lakini: hamna nyumba, hamna migomba, ni kijani tu. Vilima ndivyo vilivyopo, na vimo vyake haviko mbali na kweli, maana vipimo vingi vya namna hii vilitokana na chombo cha angani Endeavour kilichopima ardhi kwa rada Februari 2000. Ukiujua mto Ruvubu unavyopinda kabla ya kukutana na Kagera karibu na Rusumo, utautambua.

Sasa kazi yenyewe. Washa hotspoti ya simu yoyote, laptopu iunganishe hapo, na simu ya pili, ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka pembeni, nayo iunganishe hapohapo. Unapofungua FlightGear, ongeza maneno haya kwenye sehemu ya maagizo ya ziada:

--httpd=8080

Kisha kwenye brauza ya simu andika anwani ya laptopu kwenye hotspoti hiyo, ikifuatiwa na nukta mbili na 8080. Utaona ukurasa wenye ramani na geji kadhaa, tayari. Bando haliliki, kwa sababu data inatoka laptopu kwenda simu bila kupitia mnara. Wengi wanaishia hapa na wanaridhika. Ukitaka kujitengenezea geji zako, ongeza kwenye anwani hiyo /json/instrumentation/altimeter na simu itakuletea namba tupu za altimita. Ukurasa mdogo wa HTML wenye duara na mshale, unaouliza namba hizo mara kadhaa kwa sekunde, unatosha kuwa geji. Aliyepita somo la kwanza la programu anaweza kuuandika kwa jioni mbili.

Hesabu za mishale ni za shule. Altimita: mshale mrefu unamaliza duara moja kwa futi 1,000, kwa hiyo kila futi ni digrii 0.36. Ukiwa futi 4,250, unaacha zile elfu nne, unachukua 250, unapata digrii 90. Mshale umelala kulia. Mshale mfupi unamaliza duara kwa futi 10,000. Geji ya mwendo nimeianzisha kwenye noti 40 (noti ni maili ya baharini kwa saa) hadi noti 160, na nimeipa digrii 300, yaani digrii 2.5 kwa kila noti. Noti 65, mwendo unaofaa kwa kutua, unaangukia digrii 62.5. Halafu paka rangi. Kwa 172P utepe wa kijani unaanzia noti 44 hadi 127, wa njano 127 hadi 158, na mstari mwekundu uko 158. Utepe mweupe wa mabawa yaliyoshushwa vibao unaanzia 33 hadi 85. Kama geji yako inaanzia 40 kama yangu, mwanzo wake hautaonekana, basi uanzishie chini zaidi ukipenda. Mpangilio usiubuni: mwendo kushoto, upeo bandia katikati, altimita kulia, mwelekeo chini ya upeo bandia. Marubani wa dunia nzima wamezoeshwa herufi T hiyo, na macho yakishazoea kwingine ni shida kuyarudisha.

Sasa ubishi. Namba zote za simuleta zinakaa kwenye kitu kama mti wenye matawi, na unaweza kuutembelea ukiwa angani kupitia menyu ya Debug. Mwenzangu alipoufungua mara ya kwanza macho yalimtoka. Tawi la /position lina namba inayoitwa altitude-agl-ft: umbali kutoka ndege hadi ardhi iliyo chini yake muda huohuo, bila kosa hata la futi moja. Tawi la /velocities lina groundspeed-kt, mwendo halisi juu ya ardhi. Akazichukua zote mbili, akaziandika kwa tarakimu kubwa katikati ya simu, na akaanza kutua Bukoba kama anapaki bodaboda.

"Kaka, kwa nini nihangaike na mishale mitatu wakati namba ya kweli ipo?"

Swali ni zuri, na jibu lake ndilo linalofanya niandike makala hii. Mti ule una namba za aina mbili. Zipo zile ambazo programu inazijua kwa kuwa ndiyo iliyoumba dunia hiyo. Na zipo, kwenye tawi la /instrumentation, zile ambazo kifaa kilichofungwa kwenye ndege kingezionyesha. Altimita ya Cessna haijui ardhi iko wapi. Inachopima ni mgandamizo wa hewa unaoingia kwenye kitundu ubavuni mwa ndege, kisha inaubadilisha kuwa futi juu ya usawa wa bahari, kwa kutegemea namba ya mgandamizo ambayo rubani ameiweka mwenyewe kwa kuzungusha kitufe. FlightGear inaiga hayo yote, pamoja na kuchelewa na kudanganyika kwa kifaa. Ukiifunga geji yako kwenye /position unaruka ndege ambayo haipo.

Kwetu Kagera tofauti hiyo si ya kinadharia. Ziwa Victoria lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya bahari, futi 3,700 na ushee, na uwanja wa Bukoba uko ukingoni mwake. Kwa hiyo magurudumu yakigusa lami, altimita iliyowekwa sawasawa haisomi sifuri. Inasoma karibu 3,700 na kitu. Rubani lazima ajue kimo cha uwanja na atoe kichwani. Sasa ondoka hapo uelekee Ngara, kusini-magharibi, karibu kilomita 180 angani. Ukipanda hadi futi 5,500 juu ya ziwa una futi 1,800 chini yako, raha mustarehe. Endelea na 5,500 hiyohiyo na vilima vya Ngara vitakupokea kwa kifua, kwa sababu vingine vinaizidi. Altimita haitabadilika hata kidogo njia nzima. Ni ardhi inayopanda.

Tulifanya jaribio. Nilimpa simu yangu yenye geji za /instrumentation, nikaweka mawingu chini chini, akaruka njia hiyo. Alishuka kutafuta ardhi aione, kwa sababu alizoea namba ya kumwambia imebaki kiasi gani. Aliipata, kwenye mteremko.

Nisimwonee. Ndege kubwa, zikiwemo ATR, zina altimita ya redio inayotuma mawimbi chini na kupima urefu kutoka ardhini, kwa kawaida ukiwa chini ya futi 2,500. Kwa hiyo namba yake si uzushi mtupu. Lakini anajifunzia Cessna, na anasema akimaliza digrii ataomba mafunzo ya urubani. Saa moja ya ndege ya kweli inalipiwa fedha ambazo familia nyingi hazina. Akiingia na macho yaliyozoea namba ambayo dashibodi ya mkufunzi haina, saa za mwanzo zitaishia kwenye kusahau alichojifunza chumbani. Na sisi wa mkoa huu hatuhitaji kuelezwa kwamba kimo juu ya maji ni jambo la uhai. Tarehe 6 Novemba 2022 ATR 42 ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, na 19 hawakutoka. Kueleza chanzo si kazi ya mwanafunzi mwenye laptopu. Ninachosema ni kwamba sipendi kumzoesha mtu kuyakaribia maji yale akisoma geji ya uongo.

Mwendo nao ni hivyohivyo. Mbawa zinabebwa na hewa inayopita juu yake, wala hazijui kasi ya ardhi. Ukiwa na upepo wa mgongo wa noti 15, groundspeed itasoma 65 wakati hewa inayopita mbawani ni ya noti 50 hivi, nawe unaelekea pale ndege inapoacha kuelea. Juu ya hapo, kwenye kimo cha vilima vyetu hewa ni nyepesi: geji ikisoma 65, mwendo wa kweli katika hewa unakaribia 71. Geji inasema pungufu, na kwa kutua hiyo ndiyo namba unayoitaka, kwa kuwa mbawa nazo zinaihisi hewa hiyohiyo nyepesi. Tumia indicated-speed-kt iliyo chini ya airspeed-indicator.

Kuna badiliko moja ninalolipigia debe kwa nguvu. Dirisha dogo la altimita ya 172P linaandikwa kwa inchi za zebaki, za Kimarekani, ambapo kawaida ni 29.92. Viwanja vyetu vinatoa mgandamizo kwa hektopaskali, ambapo kawaida ni 1013. Inchi moja ni hektopaskali 33.86. Badala ya kukokotoa ukiwa angani, chukua setting-hpa kwenye tawi la altimita, iandike kubwa chini ya geji. Hapa hujadanganya chochote. Umebadilisha kipimo tu, kama ambavyo altimita za ndege nyingi zilivyo. Na inafaa, kwa sababu hektopaskali moja ni kama futi 27. Ukibaki na 1018 ya asubuhi wakati hewa imeshuka hadi 1013, altimita inakuonyesha uko juu zaidi kwa futi 135 kuliko ulivyo. Uwanja ukiwa ukingoni mwa ziwa, futi 135 ni nyingi.

Geji ya kupanda na kushuka ipe nafasi ndogo, inachelewa kwa sekunde kadhaa na ukiifukuza utayumba. Dira ya jairo irekebishe kwa dira ya sumaku kila baada ya dakika 15, kwa kuwa inapotea polepole, na kwenye simuleta pia. Kisha siku ukijiona umekuwa fundi, fungua menyu ya Equipment, uue pampu ya hewa inayozungusha jairo. Upeo bandia kwenye simu utaanza kulala taratibu huku ndege iko sawa kabisa. Aliyefunga geji zake kwenye namba za programu hataona mabadiliko yoyote. Na hilo ni kipimo kizuri cha kujua kama ulizifunga mahali sahihi.

Mwenzangu hajaiacha namba yake. Tumeafikiana ipelekwe kwenye simu ya tatu, na simu hiyo isishikwe na anayeruka. Inashikwa na anayekaa kitandani akijifanya mkufunzi, ambaye anaona futi zilizobaki hadi ardhini, anaua geji anapotaka, na haruhusiwi kusema neno mpaka namba ishuke chini ya 300. Wiki hii zamu ya kitandani ni yake.