Redio Yenye Masikio na Mmea Usemao

1. Milima ya Uluguru imesimama kusini mwa mji wa Morogoro mithili ya ukuta. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huleta mawingu; yakifika kwenye mbavu za mashariki hupanda juu, hupoa, na kumwaga mvua. Kwa hiyo upande ule pana mahali hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mjini Morogoro mvua haifiki milimita 1,000. Basi redio ikitangaza, "Kesho mvua itanyesha Morogoro," yamwambia nani? Mwenye migomba kule Kinole aweza kulowa, na mwenye mahindi huku bondeni akatia mbegu zake mavumbini zikafa. Sauti ni moja, lakini mashamba si mamoja.

2. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Faida ya redio ilionekana sana mwaka 1973, katika mafunzo yaliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakashauriana juu ya malaria, maji na vyoo, wakaenda kufyeka na kuchimba. Angalia jambo hili: redio ilisema na wote, lakini kila kikundi kiliyageuza maneno yale yakawa ya kijiji chake. Kazi hiyo ilifanywa na mazungumzo, si na chombo.

3. Siku hizi wako watu wanaowaza redio ya mtu mmoja. Chombo hicho kitajua shamba liko juu kiasi gani, limepandwa nini, na jana limepata mvua kiasi gani. Alfajiri kitampa mkulima wa kabichi wa Mgeta neno lake, na jirani yake wa ng'ambo ya mto neno lake. Wazo hili si ndoto tupu, maana simu ya mkononi imekwisha kuanza kazi: mkulima aweza kukipigia kituo cha redio na kuuliza habari za shamba lake mwenyewe.

4. Lakini shamba lenyewe litasemaje na redio? Hapo ndipo watu huwaza mimea ya namna mpya. Jambo hili si geni katika nchi hii. Huko Amani, katika milima ya Usambara, wataalamu waliona mihogo ikiharibiwa na batobato, ugonjwa unaoenezwa na inzi weupe. Katika miaka ya 1930 Bwana H. H. Storey na wenzake walianza kuuzalisha muhogo pamoja na mti wa mpira ulio jamaa yake. Watoto wa kwanza waliushinda ugonjwa, lakini mizizi yao haikufaa kwa chakula. Ikawapasa kuwachanganya tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi, hata ukapatikana mmea wenye afya na wenye chakula pia.

Mwaka 1986 wataalamu wa Marekani walikwenda mbali zaidi. Walitwaa jeni, yaani chembe ya urithi, ya kimulimuli, wakaitia katika tumbaku. Na tumbaku ile, ilipopewa dawa yake, ikatoa nuru gizani. Basi mtu aweza kuwaza mahindi ambayo majani yake yatang'aa yakiona kiu, na redio ndogo iliyo shambani ikaiona nuru hiyo na kumwambia mwenyewe, "Mstari wa tatu unataka maji."

5. Hayo ni mazuri, ila Waluguru wana habari ya kuwafundisha wabunifu. Katika miaka ya 1950 Serikali ya Waingereza iliona udongo wa milimani ukichukuliwa na maji, ikawaamuru watu kuchimba matuta makubwa ya ngazi. Mahali pengi udongo mwema ulikuwa mwembamba. Matuta yakaufukia na kuleta juu udongo usio na rutuba, na mazao yakapungua. Watu walinung'unika, wala hawakusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ule ukaachwa. Kumbe wakulima wa Mgeta walikuwa na ngazi zao wenyewe, wakifukia majani chini ya udongo ili kuutia nguvu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mbegu nazo zina maswali yake. Mwaka 2016 mahindi yaliyotiwa jeni ngeni yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma. Mwaka 2018 Serikali ikaamuru majaribio yakome. Watu waliuliza: Je, mbegu hii ni mali ya nani? Mkulima ataweza kuiweka kwa msimu ujao?

6. Kwa hiyo redio ijayo isiwe na kinywa tu, bali na masikio pia. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Bibi alimaye shamba la ukoo wake alijua jiwe kwa jiwe. Chombo kikimwambia apande leo, naye akaona wingu la uongo, sharti aweze kukijibu, "Hapa umekosea," na chombo kijifunze kwake. Kisichoweza kusahihishwa na mwenye shamba hakijafaa kumwongoza.

Maswali
(a) Kwa nini mvua za mashariki ya Uluguru si sawa na za mjini Morogoro?
(b) Kwa nini muhogo ulichanganywa na mpira, na kwa nini kazi ile ilichukua muda mrefu?
(c) Matuta ya miaka ya 1950 yalikosa nini?
(d) Waulize wazee wawili wa kwenu dalili za mvua, uziandike. Je, redio ingejuaje mambo hayo?