Mtutu Kwanza, Madoido Baadaye: Mwongozo kwa Mpiga Shabaha wa Mpanda

Fedha zikipatikana, wenye bunduki wengi huanza na darubini. Baada ya darubini hufuata kidude cha kufunga mdomoni mwa mtutu, kwa sababu kinapendeza kwenye picha. Mtutu wenyewe, ambao ndio unaoamua risasi iende wapi, huachwa kama ulivyotoka dukani au kama ulivyorithiwa kwa babu. Makala haya ni ya mtu mwenye kibali, au anayekusudia kukiomba, akiwa Kashaulili, Makanyagio au kata nyingine ya Manispaa ya Mpanda, ambaye haja yake ni kutoboa karatasi kwenye uwanja wa shabaha na si zaidi ya hapo.

Kwanza tuliondoe wazo la karakana. Kashaulili ni katikati ya mji, na fundi wa kuchomelea hatafutwi mbali. Kazi hii si yake. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwombaji awe ametimiza miaka 25 na awe na cheti cha umahiri wa kutumia silaha, na ombi lake hupitia kamati za ulinzi na usalama kabla ya kufika kwa mwenye mamlaka ya kutoa leseni. Kutengeneza na kukarabati silaha nako kunahitaji leseni yake. Kwa hiyo mtu wa huku akisema anaunda bunduki ya shabaha, maana yake ni kwamba anachagua vipande kwa akili yake, kisha vinafungwa na fundi silaha anayetambuliwa kisheria, na kila badiliko linaandikwa.

Sheria hiyo haikuwekwa kwa ukorofi. Mkoa wetu wa Katavi unalijua gobole vizuri. Polisi wa mkoa wamekuwa wakipokea magobole yanayosalimishwa kwa hiari, na mwaka 2023 serikali ilitoa msamaha wa nchi nzima katika miezi ya Septemba na Oktoba kwa wanaorudisha silaha haramu. Mengi ya magobole hayo mtutu wake ni bomba la chuma laini, pengine lenye mshono wa kuchomelewa. Risasi ya kisasa ya .308, inayotumika sana kwenye shabaha ya masafa marefu, inaruhusiwa kufikia msukumo wa pauni 62,000 kwa kila inchi ya mraba ndani ya chemba. Tairi la gari dogo linajazwa upepo wa pauni 30 hivi. Bomba la namna hiyo likipewa msukumo mara elfu mbili ya tairi hupasuka, na hupasukia usoni mwa aliyelishika. Mtutu wa kiwandani hupigishwa kwanza risasi kali kuliko za kawaida, kisha hugongwa muhuri wa majaribio. London, Birmingham na Liège zina nyumba za majaribio za namna hiyo. Mtutu usio na muhuri wala namba usiununue, hata bei iwe ya kutupwa.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Jambo linalopaswa kuamuliwa mapema kuliko yote ni risasi gani utapiga, maana mtutu huchaguliwa kwa ajili ya risasi. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyosokotwa inayoizungusha risasi ili isiyumbe hewani. Mwaka 1879 George Greenhill, mwanahisabati wa Woolwich nchini Uingereza, alitoa kanuni ambayo mafundi wanaitumia hadi leo kupata makadirio ya haraka: kadiri risasi inavyokuwa ndefu kwa upana wake, ndivyo inavyohitaji msokoto wa kasi zaidi. Risasi fupi ya .223 yenye gramu 3.6 hutulia kwenye mtutu unaozungusha mara moja kila inchi 12. Ndefu yake ya gramu 5 itayumba humo, na itatoboa karatasi kiubavu. Hiyo inataka mzunguko mmoja kila inchi 8. Kwa .308 yenye gramu 10 hadi 11, inchi 12 au 11 zinatosha. Bunduki ndogo ya .22, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa mwanafunzi wa shabaha kuliko nyingine zote, karibu kila kiwanda huipa inchi 16. Ukimkuta muuzaji hawezi kukutajia msokoto wa mtutu anaokuuzia, ondoka dukani.

Urefu una hadithi nyingi za vijiweni. Mtutu mrefu hauna usahihi zaidi kwa kuwa mrefu tu. Unaipa baruti muda wa kuisukuma risasi, basi. Kwenye .308, kila inchi unayoongeza inakupa takriban mita 6 hadi 9 za mwendo kwa sekunde. Anayepiga yadi 1,000, kama wanavyofanya huko Bisley, Uingereza, ambako mashindano yamefanyika tangu 1890 na wapiga shabaha wa Kenya wameshiriki, anahitaji mwendo huo ili risasi isishuke chini ya mwendo wa sauti kabla ya kufika. Ndiyo maana mitutu yao hufika inchi 30. Anayepiga mita 50 au 100 hana sababu ya kubeba chuma chote hicho. Kwenye .22 baruti huwa imeshamaliza kazi mtutu ukiwa na inchi 16 hadi 18. Urefu unaozidi hapo husaidia kuweka kilengeo cha mbele mbali na jicho. Tena Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi inaizuia risasi kidogo kuliko Dar es Salaam, hivyo vipimo vya kulenga vilivyoandikwa pwani virekebishwe ukifika huku.

Unene una faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kila risasi inapotoka mtutu hutetemeka. Ukizidisha kipenyo chake mara mbili, ugumu wa kupinda unaongezeka mara 16. Ukizidisha urefu mara mbili, ugumu huo unapungua mara 8. Kati ya mtutu mwembamba mrefu na mnene mfupi kidogo, mpiga karatasi achukue mnene. Mtutu mnene huchelewa pia kupata moto, na mtutu wenye moto huhamisha risasi bila kukuuliza. Hakikisha vilevile hauguswi na mti wa kitako mbele ya chemba: noti ipite kati yao kwa ulaini.

Kuhusu chuma, chuma cha pua na chuma cha kawaida cha mitutu vyote hupiga vizuri. Cha pua hustahimili zaidi unyevu wa masika, lakini nacho hushika kutu kikiachwa na jasho la mikono.

Mdomo wa mtutu ndipo mahali pa mwisho risasi inapogusa bunduki. Ukingo wake ukiwa na pengo dogo upande mmoja, gesi hutoka upande huo kwanza na kuisukuma risasi kombo. Bunduki ya bei kubwa inaweza kuharibiwa na fimbo ya kusafishia iliyoingizwa kwa mbele miaka mitano. Safishia upande wa chemba kila inapowezekana. Kuchunguza ukingo ni rahisi: toa risasi zote, toa bolti, halafu pitisha pamba ya masikio taratibu kutoka ndani kwenda nje. Nyuzi zikinasa mahali, kuna ukwaru, na dawa yake ni fundi silaha kuukata ukingo upya. Mafundi wengi wa shabaha hupenda ukingo uliozama ndani kidogo, kwa kuwa unajilinda ukigongwa, na mimi naona wana haki.

Halafu yale madoido. Breki ya mdomoni hupunguza teke la bunduki, hilo ni kweli. Lakini huirudisha sauti kwa mpigaji na kwa jirani yake, na mlio wa bunduki kubwa tayari unapita desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja unatosha kudhuru sikio. Wakati wa kiangazi breki inakutimulia vumbi lote la mbele yako. Zaidi ya hayo, kanuni za shirikisho la kimataifa la shabaha, ISSF, zinakataza breki kwenye bunduki zake, na mashindano ya F-Class ya masafa marefu nayo yanazikataa. Unanunua kitu kitakachokuondoa mashindanoni. Teke likikusumbua, ongeza uzito wa mtutu au rudi kwenye .22. Kizuia sauti usikiagize kabisa kabla polisi hawajakujibu kwa maandishi.

Kuna adui mmoja mdogo wa kwetu: nyigu wa udongo hupenda kujenga kwenye matundu, na mtutu ni tundu. Udongo kidogo tu mbele ya risasi hutosha kuvimbisha chuma. Angalia ndani kila mara kabla ya kupiga, ukianzia upande wa chemba.

Mwisho ni hesabu. Mtutu wa .308 hudumisha usahihi kwa risasi elfu kadhaa, wa .22 kwa makumi elfu, na risasi za mazoezi zitagharimu zaidi kuliko mtutu. Kwa hiyo kabla hujalipa chochote, andika kwenye karatasi kalibari, urefu, msokoto na namba ya mtutu unaoutaka, uipeleke kwa ofisa wa polisi anayeshughulikia leseni za silaha, usubiri jibu. Akikataa, pesa yako ungali nayo.