Plastiki ilivyoanza: kutoka pembe ya ndovu hadi tumbo la ng'ombe

Mwananchi, ukipita Loitokitok, Kimana au Illasit jioni, hukosi kuona vijana wakicheza pool. Mipira ile ina historia inayogusa mlima wetu. Zamani mipira ya bilyadi huko Ulaya na Marekani ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe moja ilitoa mipira michache tu. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipita Taveta na kando ya Kilimanjaro ikitafuta pembe za kuuza Unguja. Jozi nzito zaidi kuwahi kurekodiwa, takriban kilo 200, ilitokana na ndovu aliyeuawa kwenye miteremko ya mlima huu mwaka 1898. Iko London, katika jumba la makumbusho.

Pembe zilipoadimika, wenye biashara ya bilyadi New York walitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala. John Wesley Hyatt akachanganya pamba iliyotiwa asidi na kafuri, akapata seluloidi, na mwaka 1870 akapewa hataza. Ilifaa kwa vitana, meno ya bandia na filamu za sinema, ila ilishika moto upesi mno.

Plastiki ya kwanza isiyotokana na mmea wala mnyama ni bakelaiti. Iliundwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani. Alipika fenoli, inayopatikana kwenye lami ya makaa ya mawe, pamoja na fomalidehaidi. Ikishaganda haiyeyuki tena, wala haipitishi umeme. Ndiyo maana ikawa swichi, simu nyeusi za mezani, vishikio vya sufuria na maganda mazito ya kahawia ya redio za wazee wetu. Mipira bora ya pool leo ni ya jamii hiyo hiyo. Kwa sababu haiyeyuki, swichi iliyovunjika haiwezi kuundwa upya kama mtungi wa maji uliopasuka.

Tusidanganyane kwamba plastiki ilimwokoa ndovu. Kenya ilikuwa na ndovu takriban 167,000 mwaka 1973. Kufikia 1989 hawakufika 20,000. Mwaka huo ndipo biashara ya kimataifa ya pembe ilipopigwa marufuku.

Wavumbuzi walitaka kitu kisichooza, na walikipata. Polithini, iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1933, ndiyo iliyotuletea mfuko mwepesi wa dukani. Kenya iliupiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini vipande vyake bado vimenasa kwenye miiba na mitaro yetu.

Mfugaji anaujua mwisho wake. Kiangazi, ng'ombe mwenye njaa humeza mfuko wenye harufu ya chumvi au mabaki ya chakula. Tumbo haliwezi kuusaga. Mifuko hujisokota ikawa bonge, na mnyama hukonda huku tumbo likionekana limeshiba. Hakuna dawa ya kumnywesha itakayoyeyusha bonge hilo; mara nyingi tiba ni daktari wa mifugo kumpasua na kulitoa. Ukiona ng'ombe hacheui, hali vizuri na ubavu wake wa kushoto umejaa, mwite daktari mapema, kabla hajaishiwa nguvu za kuhimili upasuaji.